Anyongwe Sasa

Bwenini, Machi 4

Baba mdogo,

Shikamoo. Bibi naye msalimie, mwambie magoti yake nayaombea kila siku.

Nina habari ambayo nikiisimulia kwa mdomo nitaona aibu, ndiyo maana nashukuru kwamba naiandika. Shule yetu ilifanya mdahalo. Mada ni ile ile inayojadiliwa nchi nzima: Mkubwa, mtawala wetu aliyepinduliwa, amekwisha kuhukumiwa kifo kwa kesi ya watu waliopigwa risasi uwanjani. Je, anyongwe sasa, au asubiri mpaka kesi zake nyingine zimalizike? Mwalimu wa historia alinichagua niongoze upande wa "sasa". Nikamwambia sijui kusema mbele za watu. Akasema, "Hilo najua. Kuandika unajua. Basi andika, halafu usome." Unanijua, Baba mdogo. Hata nikiitwa jina asubuhi naitikia kwa kunong'ona, mpaka wananiita Kimya.

Nilisoma bila kuinua macho kwenye karatasi. Sikutumia kitabu hata kimoja. Nilisema wengine wanazungumza juu ya sheria, mimi nazungumza juu ya kaburi. Nikasema baba yangu alikamatwa kabla sijaanza kutembea, akarudishwa ndani ya jeneza. Nikasema ndugu yake alikamatwa pamoja naye, akarudi na vidole visivyokunjika. Nikasema kila mwaka mimi na Bibi tunaliosha kaburi lile, na kila mwaka Bibi anamwambia mwanawe asubiri. Mwisho nikauliza: "Asubiri mpaka lini?"

Ukumbi wote ulisimama. Walinibeba juu juu. Mimi! Kiatu changu kimoja hakijaonekana mpaka leo. Sasa wananiita Kamba, ile ya kitanzi. Ni jina baya, lakini wanalisema wakicheka, na jana mezani waliniachia nafasi katikati yao.

Mtangazaji wa redio alikuwepo na mashine yake ya kurekodi. Baraza la Mpito limesema litasikiliza maoni ya wananchi kabla ya kupanga siku, kwa hiyo redio inayakusanya kila mahali. Jumamosi wataniweka hewani. Msikilize, wewe na Bibi.

Jambo moja dogo. Binti wa msimamizi wenu wa kiwanda cha uchapaji yuko darasani kwangu. Anasema umekataa kupanga herufi za bango la ANYONGWE SASA. Nimemwambia mbele za watu kwamba yeye ni mwongo. Niandikie upesi nimwonyeshe.

Mwanao

*

Nyumbani, Machi 11

Mwanangu,

Marahaba. Magoti ya Bibi hayajambo, ila yanatabiri mvua kila siku na mvua yenyewe haiji.

Tulikusikiliza. Bibi aliwaita majirani tangu asubuhi, ungedhani kuna posa. Redio aliipandisha juu ya kabati akaitandikia kitambaa. Ulipoanza kusema alinyoosha mkono kuwanyamazisha watu ambao walikuwa wamenyamaza tayari. Ulipofika kwenye kaburi alilia, kisha akacheka, kisha akamwambia mama wa jirani, "Huyo ni damu yangu. Wamnyonge huyo Mkubwa, nisikie ameanguka, halafu na mimi nife nikitaka."

Umesema vizuri. Sauti yako ni ya baba yako kabisa, alipokuwa akinisomea prufu, zile kurasa za majaribio, kiwandani na mimi nasahihisha.

Sasa hilo jambo dogo. Usimwite mtoto wa watu mwongo. Ni kweli. Msimamizi aliniletea kazi ya bango mezani, nikamwambia vidole vyangu haviziwezi herufi kubwa za mbao. Akasema, "Jana umepanga tangazo la sabuni kwa herufi hizo hizo." Nikasema basi vidole vinaweza, mimi ndiye siwezi. Gundi, yule fundi wa kujalidi vitabu, alilipanga yeye, na mabango yote yakatoka na alama ya dole gumba lake. Tangu siku hiyo kiwandani naitwa Mjane wa Mkubwa. Asubuhi wananipa pole. "Pole mama, usijali, utaolewa tena." Nacheka nao. Nisipocheka watajua wamenipata.

Maoni yangu ni haya tu: kesi zote zisikilizwe kwanza. Kesi ya magereza, ya waliofungwa na waliofia humo, wameiweka mwisho kabisa. Akinyongwa sasa, haitasomwa. Zaidi ya hapo sitaki kusema. Shika masomo yako, na kitafute hicho kiatu.

Baba yako mdogo

*

Bwenini, Machi 15

Baba mdogo,

Shikamoo.

Barua yako nimeisomea chooni, maana hapa hakuna mahali pengine pa kujifungia. Nimemwomba radhi binti wa msimamizi mbele ya watu wale wale. Alinishika bega kama mtu mzima, akasema, "Si kosa lako, Kamba. Mtu hachagui ukoo." Wengine wanauliza Mkubwa alikupa nini. Sikuwa na la kuwajibu kwa sababu wewe mwenyewe hukunipa.

Kesi zisikilizwe! Wewe ulisomewa kesi gani? Baba alisomewa kesi gani? Hayo ni maneno ya mawakili wake, wale wenye suti wanaotoka mahakamani wakitabasamu. Sikutegemea kuyaona kwa mwandiko wako. Bibi amelia mbele ya majirani, na wewe uliyekaa naye chumba kimoja unawaza utaratibu.

Nimefikiri sana kabla ya kuandika hili. Wewe ulirudi, Baba hakurudi. Labda aliyerudi anaweza kusubiri. Labda hata hukumpenda kama tulivyodhani.

Likizo nitakwenda kaburini na Bibi. Si lazima uje.

Mtoto wa kaka yako

*

Nyumbani, Machi 20

Mwanangu,

Ulikusudia kunichoma na umenichoma, kwa hiyo hongera. Nilitaka nikuache uendelee kunichukia. Ingekuwa rahisi kwa wote. Lakini umeuliza kama nilimpenda kaka yangu, na hilo siwezi kulipita.

Ukimaliza kusoma, ichane hii. Usiifiche ndani ya kitabu, najua tabia yako.

Jeneza lililoletwa nyumbani lilikuwa limepigiliwa misumari pande zote. Askari walisema tusifungue, kwamba amekufa kwa ugonjwa wa kuambukiza. Wakatufuata mpaka makaburini, wakasimama. Mimi nilikuwa nimetoka gerezani wiki hiyo hiyo, mikono imefungwa bendeji, lakini ndugu nilikuwa mimi, nikashuka kaburini kumpokea. Wale wa juu waliliteremsha upande mmoja haraka kuliko wa pili. Kona ikagonga chini, ubao ukaachana. Nikapeleka mkono kuziba.

Mwanangu, ndani mlikuwa na mchanga. Mchanga na vipande vya matofali.

Nilitazama juu. Bibi yako alikuwa ameinama ukingoni anamuaga mwanawe, na nyuma yake naona buti za askari. Nikachota udongo, nikaziba ile kona, nikasema, "Tayari, fukieni."

Mpaka leo sijamwambia mtu. Mama yako alikwenda kuolewa kwingine akijua mume wake amezikwa. Bibi unamwona mwenyewe. Kaburi lile ndilo linalomtoa kitandani.

Sasa nisikilize vizuri. Siku ya hukumu nilikuwa mahakamani, nimesimama nyuma kabisa. Mkubwa alisema, tena kwa kujigamba: "Hakuna aliyekufa katika magereza yangu bila mimi kuletewa taarifa ya mahali alipozikwa. Nisomeeni kesi hiyo, nitawajibu." Watu wakamzomea. Mimi niliyarudia maneno yale moyoni nisiyasahau. Ana kiburi, na mwenye kiburi akiulizwa mbele za watu atajibu tu, ili aonekane hakuna kilichompita. Simpendi. Simwonei huruma hata chembe. Nataka aishi mpaka aulizwe swali moja. Akishalijibu, bango nitalipanga mimi, kwa vidole hivi hivi.

Hili siwezi kulisema kiwandani wala redioni. Bibi anaisikiliza redio kuliko hilo Baraza lenyewe. Nakuomba na wewe usiliseme.

Baba yako mdogo

*

Bwenini, Machi 28

Baba mdogo wangu,

Shikamoo, na shikamoo tena kwa ile ambayo sikuitoa kwa moyo mara iliyopita. Barua nimeichana. Maneno yangu yale siwezi kuyachana kwa sababu unayo wewe. Tafadhali yachane.

Kila mwaka tukishaosha kaburi, Bibi huniambia nimweleze Baba matokeo yangu ya mitihani. Nilikuwa naeleza kila somo, hata hisabati, na nilikuwa naona aibu kwa hisabati. Nilikuwa naona aibu mbele ya matofali.

Jumatano kulikuwa na mdahalo wa marudio. Nilisimama upande wa pili, nikasema kesi zote zisikilizwe kwanza. Wakauliza kwa nini. Nikasema kwa ajili ya haki. Watu wakapiga miayo. Mmoja akapaza sauti, "Kamba imekatika!" wakacheka mpaka mwalimu naye akashindwa kujizuia. Nilisimama pale nikijua kabisa neno gani lingewanyamazisha. Sikulisema. Nilikuwa nakutii.

Lakini Ijumaa mtangazaji alirudi. Alitaka niseme maneno machache ya kuwahimiza wananchi, kwa sababu Baraza linakaribia kuamua. Nikamwambia kila kitu. Nimesema mchanga, nimesema matofali, nimesema kile alichojigamba Mkubwa mahakamani. Nikasema, "Msimnyonge bado. Aseme kwanza baba yangu yuko wapi." Baba mdogo, safari hii sikushika karatasi. Alizima mashine akafuta macho. Akasema hiyo ikisikika nchi nzima itajiuliza mara mbili, na Jumamosi itasikika.

Najua uliniomba. Nimepima hivi: Bibi akilia tutakuwepo kumbembeleza, lakini Mkubwa akifa hatuna wa kumwuliza. Na wapo wengi kama sisi, wamezika mchanga na hawajui. Tafadhali, Jumamosi toa betri kwenye redio. Tukimpata Baba, tutamwambia Bibi tukiwa na kaburi la kweli la kumpeleka.

Usinikasirikie kwa muda mrefu.

Mwanao

*

Nyumbani, Aprili 4

Mwanangu,

Nilikasirika mpaka mchana. Kuanzia mchana nikaanza kutumaini, na hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Betri nilizitoa Ijumaa. Bibi akaitikisa redio, akaipiga kofi, akasema ninunue nyingine. Nikamwambia madukani hazipo. Akasema, "Nchi gani hii? Mkubwa ameondoka na betri zetu pia?"

Jumamosi nilikwenda kiwandani ingawa haikuwa zamu yangu. Gundi ana redio kwenye meza yake, kati ya makopo. Nikajifanya napanga masanduku ya herufi. Kipindi kikaanza. Mwenye duka la viatu anataka anyongwe uwanjani, penye damu ya watu. Mwanamke mmoja anataka anyongwe na wanawe watazame. Mzee mmoja akasema afungwe tu, wakamkata katikati ya neno. Halafu wakasema sasa ni zamu ya binti wa shule. Niliacha kujifanya.

Walicheza ile ya kwanza. "Asubiri mpaka lini?" Yote, mpaka makofi yenu. Mtangazaji akasema, "Hiyo ndiyo sauti ya watoto wa taifa hili." Gundi akanigeukia: "Mjane, umemsikia mtoto wenu? Ana akili huyo, hakukufuata wewe." Nikaenda kunawa wino ambao sikuwa nao.

Nimewapigia simu watu wa redio. Msichana wa mapokezi akasema vipindi hupangwa na wakubwa. Nikasema nilidhani wakubwa wamekwisha. Akakata.

Huenda wataicheza wiki ijayo. Betri bado ninazo mfukoni.

Baba yako mdogo

*

Nyumbani, Aprili 12

Mwanangu,

Umekwisha kusikia. Walimnyonga Alhamisi alfajiri.

Kiwandani hatukufanya kazi. Watu walipanda juu ya mashine. Msimamizi alinikumbatia, akasema yaliyopita yamepita. Njiani watoto walikuwa wameninginiza gunia lililovikwa koti kwenye nguzo ya taa, na mama mmoja alikuwa anawaelekeza jinsi ya kufunga fundo. Siwasemi vibaya. Muuza mkaa wa kona yetu, unamkumbuka, wanawe walibaki kule uwanjani. Alikuwa anacheza peke yake, polepole, amefumba macho. Nani angeweza kumwendea yule akamwambia asubiri kidogo kwa ajili yetu?

Mahakama imetangaza kwamba kwa kuwa mshtakiwa amefariki, kesi zilizobaki zimefungwa. Ilisomwa haraka haraka kabla ya habari za mpira.

Sasa nikueleze ya nyumbani. Nilipofika, redio ilikuwa inaimba. Jirani alimletea Bibi betri zake, asikose furaha ya siku hiyo. Chumba kilikuwa kimejaa, watu wamekaa mpaka kitandani kwangu. Nikanyoosha mkono niizime, jirani akanidaka: "Leo hata wewe, Mjane, utacheza!" Ndipo ikaja sauti yako. Ile ya pili. Mtangazaji alisema wanafunga kipindi kwa simulizi ya kuhuzunisha, ili tusisahau tulikotoka. Mchanga. Matofali. Baba yangu yuko wapi. Pale ulipowaambia wasimnyonge bado, maneno hayo walikuwa wameyakata.

Watu wakatoka mmoja mmoja, hawakuaga. Bibi akabaki kwenye kiti. Akaniuliza, "Aliyeshuka kaburini si wewe?"

Nikasema ni mimi.

"Uliona nini?"

Nilifungua mdomo, mwanangu, na hakuna kilichotoka.

Akasema, "Hukuona kitu. Mwanangu yuko pale nilipomwacha. Wale walinichukulia akiwa hai. Na mtoto huyu ananichukulia akiwa maiti."

Akabeba ndoo na brashi akaenda makaburini kwa miguu. Nilimfuata kwa mbali. Amelisugua kaburi lile mpaka rangi ya jina imeanza kubanduka. Kesho yake akaenda tena. Anasema likizo hii usije. Chakula anakirudisha kama kilivyo, chai anaiacha ipoe. Nimemwambia wewe ni mtoto, akasema mtoto mwenye mdomo mpana kuliko jeneza.

Sikulaumu. Nimetafuta mahali pa kukulaumu, sikupaona. Lakini sijui nifanye nini na mama yangu.

Baba yako mdogo

*

Bwenini, Aprili 18

Baba mdogo,

Shikamoo. Karatasi ya pili ni ya Bibi. Msomee kama ilivyo. Usiongeze, usipunguze, wala usikohoe katikati. Majirani wakiwepo ndiyo vizuri zaidi.

Mwanao

*

Bibi yangu,

Shikamoo.

Nakuomba radhi. Yale uliyoyasikia redioni niliyatunga. Mtangazaji alitaka kitu cha kuliza watu, na mimi unanijua, nasoma vitabu kupita kiasi, nikatunga. Mchanga niliutunga. Matofali niliyatunga. Walipokuwa wamenibeba mara ya kwanza niliona raha, nikataka wanibebe tena.

Baba mdogo hakuniambia lolote. Siku ile alishindwa kukujibu kwa sababu ya aibu. Alikuwa amegundua kwamba mtoto aliyemlea ni mwongo, tena mbele ya majirani.

Wewe ulikuwepo kwenye mazishi. Mimi nilikuwa nimebebwa mgongoni, ningejua nini? Baba yupo pale pale ulipomlaza, na aliyemtesa ameanguka, kama ulivyotaka. Hakuna jambo jingine lililobaki.

Nimemwambia mwalimu wa historia kwamba nilidanganya, naye amenitoa kwenye chama cha mdahalo. Nimewaandikia watu wa redio pia. Nimewaambia wasiicheze tena, na kwamba mtu yeyote akija kuuliza habari za kaburi hilo wamwambie ni hadithi tu ya mwanafunzi. Kwa hiyo hakuna atakayekuja na jembe, Bibi. Usikeshe ukiwaza hilo.

Kama hutaki nije likizo, nitabaki shuleni. Wapo wengine wanaobaki. Majirani wakikuuliza, waambie mjukuu wako ni mwongo, usione haya. Mimi mwenyewe nimekwisha kuwaambia wote huku.

Tafadhali, ule.

Mjukuu wako